Maambukizi ya Gari: Mjomba, Giaboksi na Istilahi Zetu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, hawakutueleza afanye nini yule anayeulizwa endapo jibu analo ila maneno ya kulitolea hana. Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuulizwa maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuundiwa istilahi: hii ni ngano au ni kisasili? Huu ni utenzi au ni ukawafi? Msimulizi huyu ni wa nafsi ya ngapi? Kwa maswali ya namna hiyo tuna hazina kubwa ya maneno, na mara nyingine tunayo mengi kuliko tunavyohitaji. Mwezi Machi mwaka 2025 niliulizwa swali jingine la uainishaji, tena na mtu ambaye katika umri wake wote hajapata kukanyaga ukumbi wa mihadhara. Swali lilikuwa hili: gari hili lililokwisha kutumika lina giaboksi ya aina gani? Makala haya yanahusu swali hilo, njia tulizolijibia, na funzo nililolipata humo kama mwanafunzi wa Kiswahili.

Awali ya yote, yafaa msomaji apajue mahali penyewe. Idsowe ni kijiji kilicho jirani na mji wa Garsen, katika Delta ya Tana. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, nao hutufikia ukiwa umekwisha kusafiri masafa yanayokaribia kilomita 1,000 kutoka milimani. Kandokando yake Wapokomo hulima maembe, ndizi, mahindi na mpunga, na katika mbuga zilizo jirani Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe wao. Wasomaji wengi wa jarida hili huenda wanaijua nchi hii kwa mambo mawili. La kwanza ni wimbo wa taifa wa Kenya, ambao lahani yake ilitokana na bembezi ya Wapokomo. La pili ni Fumo Liyongo, shujaa ambaye masimulizi yake yanaambatana na Ozi na Kipini, huko mto unakomwagia maji yake baharini. Sisi wenyeji tunaijua zaidi kwa tope. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023, na mafuriko yaliyofuatia mwezi Aprili na Mei mwaka 2024, yaliwaacha watu wengi wa delta bila makao na kuzikata barabara. Maji yakipungua hubaki udongo mweusi unaonata, ambao mgeni huuona kuwa ni ardhi mpaka gurudumu lake linapozama.

Mjomba wangu ni mkulima wa maembe. Kwa miaka mingi amekuwa akiwalipa watu wa magari wamchukulie mazao yake hadi sokoni, na mara nyingi gari lilipofika embe lilikuwa limekwisha kulainika. Aidha, usiku mmoja wa mafuriko mke wa jirani yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari la kumpeleka hospitali likakosekana hadi alfajiri. Mama na mtoto walinusurika, Mungu ashukuriwe, lakini tangu siku hiyo mjomba alikuwa na nia moja. Yeye na ndugu zake wawili walichanga mavuno ya misimu minne wakapata shilingi 750,000. Gari lilikusudiwa kubeba maembe msimuni, abiria siku za kawaida, na mgonjwa saa yoyote. Dereva angekuwa binamu yangu, bintiye mjomba, ambaye ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na leseni. Leseni yenyewe ilikuwa ya daraja la B1, yaani ya magari madogo ya otomatiki. Ninaomba msomaji aukumbuke ukweli huo mdogo, kwa sababu tutauhitaji.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo mjomba aliponiita barazani kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Keti. Dalali wa Malindi ameniambia amepata Probox, na kwamba ni auto. Nimemuuliza fundi wetu wa Garsen, naye asema auto ziko nyingi, na nyingine zikifa huku kwetu hazina mganga. Sasa wewe umesoma. Twende ukatusomee."

"Lakini mjomba, mimi nasoma fasihi."

"Kwani gari halikuandikwa? Kila mahali pana herufi. Kusoma ni kusoma."

Hoja hiyo sikuwa na la kuipinga. Nilichukua simu yangu nikaanza kutafuta maelezo, na kwa kuwa mjomba alitaka kusikia kwa masikio yake, nikatafuta yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza niliokutana nao ulikuwa umefasiriwa na mashine. Nilimsomea jinsi ulivyokuwa: magari, ulisema, huwa na "maambukizi ya mwongozo" ama "maambukizi ya moja kwa moja", na mnunuzi anashauriwa kuyachunguza maambukizi kabla ya kulipa. Mjomba alinikatiza kwa wasiwasi wa kweli. "Kwani gari hilo laugua? Na ugonjwa wenyewe waambukiza?"

Tulicheka, lakini kicheko kilipokwisha tatizo lilikuwa lingali pale pale. Mashine ilikuwa imelikuta neno la Kiingereza ambalo hutumika kwa ugonjwa unaotoka mtu hadi mtu, kwa sauti ya redio, kwa hadithi inayotoka kizazi hadi kizazi, na kwa nguvu inayotoka kwenye injini hadi magurudumuni. Kiswahili hakiyachanganyi mambo hayo. Kwetu maradhi huambukizwa, matangazo hurushwa, hadithi hurithishwa, na nguvu hupitishwa au hupokezwa. Mashine ilichagua neno la hospitali ikalipeleka gereji. Halikadhalika, neno linalotaja gari la kubadilishwa gia kwa mkono lilifanywa kuwa "mwongozo" kwa sababu Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa kitabu cha maelekezo. Mtu anayenunua gari kwa mavuno ya misimu minne hawezi kutegemea tafsiri kama hiyo. Ndipo tulipoamua kumfuata fundi wa Garsen, mtu ambaye hajasomea isimu lakini maneno yake yana uzito wa spana.

Fundi alitueleza kwanza kazi ya giaboksi yenyewe. Injini, alisema, huzunguka kwa kasi kubwa lakini haina nguvu ya kulisukuma gari zito likiwa limesimama. Giaboksi hupunguza ule mzunguko ili nguvu iongezeke, na gari likishika mwendo hupunguza nguvu ili kasi iongezeke. Mjomba aliyezaliwa mtoni akaelewa papo hapo. "Ni kama mtumbwi," alisema. "Penye mkondo mzito watia pondo mpaka chini usukume polepole. Penye maji mapana washika kafi upige upesi." Fundi akakubali, kisha akazitaja aina nne kwa maneno ambayo nitayaandika karibu kama alivyoyasema.

Aina ya kwanza ni ya mkono. Dereva hukanyaga klachi, huchagua gia kwa leva, kisha huachia. Gia ni za meno, na fundi yeyote wa mashambani anaijua. Aina ya pili ni otomatiki ya zamani, ambayo fundi aliiita "auto ya gia". Ndani yake mna gia za kweli, nne au tano au zaidi, lakini hubadilishwa kwa msukumo wa oili. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya mguu. Pana chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambamo feni moja huizungusha feni nyingine kupitia oili hiyo. Aina ya tatu huitwa CVT. Hii haina gia za hatua. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na kila puli inaweza kupanuka au kubana, hivyo mkanda hupanda na kushuka na uwiano wa mwendo hubadilika bila hatua. Aina ya nne ina klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta: moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, nazo hupokezana. Hiyo hupatikana katika magari mengi ya Volkswagen, na katika Honda Fit ya mseto iliyotoka mwaka 2013, ambayo kampuni iliirudisha gereji kwa marekebisho zaidi ya mara moja katika miezi yake ya mwanzo.

"Kwa dalali," alimaliza fundi, "zote tatu za mwisho ni auto. Kwangu mimi ni wanyama watatu."

Kesho yake tulisafiri hadi Malindi, sisi wanne: mjomba, binamu, fundi na mimi. Gari lilikuwa jeupe, safi, limepakwa mafuta mpaka kwenye magurudumu. Dalali alituhakikishia kwamba Probox ni Probox, na kwamba kuuliza zaidi ya hapo ni kujichosha. Sisi tuliamua kujichosha, na utaratibu tulioufuata ninauandika hapa kwa faida ya yeyote atakayejikuta mahali petu.

Hatua ya kwanza ni vikanyagio. Vikiwa vitatu, gari ni la mkono na mjadala umekwisha. Vikiwa viwili, mjadala ndio kwanza unaanza. Gari hili lilikuwa na viwili.

Hatua ya pili ni leva na herufi zake. Herufi P, R, N na D zipo katika otomatiki karibu zote, kwa hiyo zenyewe hazisemi mengi. Kinachosaidia ni zile zinazofuata. Ukiona tarakimu kama 3 na 2 kisha L, mara nyingi hiyo ni auto ya gia. Ukiona S au B baada ya D, shuku CVT, ingawa magari ya mseto pia huwa na B. Leva isiyo na P kabisa, yenye R, N, D na M pekee, hupatikana katika baadhi ya Suzuki ambazo kwa kweli ni giaboksi ya mkono inayobadilishwa gia na kompyuta. Hapa mwanafunzi wa fasihi atatambua kanuni anayoijua: alama moja haitoshi kuiainisha kazi. Si kila chenye mizani na vina ni shairi zuri, na si kila chenye D ni otomatiki ile uliyoizoea.

Hatua ya tatu ni mwaka, nayo ndiyo iliyotutia mashakani zaidi. Toyota ilianza kuiuza Probox mwaka 2002. Matoleo ya kwanza yalikuwa na giaboksi ya mkono ya gia tano ama auto ya gia nne. Mwaka 2014 gari hilo lilifanyiwa mabadiliko makubwa, giaboksi ya mkono ikaondolewa na CVT ikachukua mahali pa auto ya gia. Gari tulilosimama mbele yake lilikuwa la mwaka huo huo wa 2014. Injini haikuweza kutuamulia, kwa maana ile ya ujazo wa lita moja na nusu, iitwayo 1NZ-FE, ilitumika kabla ya mabadiliko na ikaendelea baada yake.

Hatua ya nne ni kibati, nacho ndicho shahidi mwadilifu kuliko wote. Katika Toyota na Nissan nyingi zilizotoka Japani, kibati cha chuma au karatasi ngumu hubandikwa ndani ya boneti kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, ama kwenye nguzo ya mlango. Humo huandikwa namba ya muundo, injini, rangi na giaboksi. Kwa upande wa Toyota, namba ya giaboksi inayoanza kwa U, kama vile U340E, ni ya auto ya gia, na inayoanza kwa K, kama vile K310, ni ya CVT. Katika namba ya muundo wa Corolla, herufi ya tatu baada ya kistari nayo hufichua siri: M ni ya mkono, P ni auto ya gia nne, X ni CVT. Kwa upande wa Nissan tazama tarakimu iliyo baada ya herufi mbili za mwanzo. RE4F ni otomatiki ya gia nne, RS5F ni ya mkono ya gia tano, na RE0F ni CVT, kwa kuwa chombo kisicho na hatua kimehesabiwa kuwa na gia sifuri. Nilipoisoma sifuri hiyo nilikiri kwamba mhandisi aliyeitunga alikuwa na jicho la mwanaisimu. Hali ya kutokuwapo nayo ni alama.

Mjomba alikuwa amesema kweli: gari liliandikwa. Nilifuta vumbi, nikasoma kwa sauti. Muundo: NCP160V. Probox ya kale ya injini hiyo huandikwa NCP51V, na hii mpya huandikwa NCP160V. Chini yake namba ya giaboksi ilianza kwa K. Gari lilikuwa la CVT.

Dalali hakuridhika. Alitoa simu akatuonyesha karatasi ya mnada wa Japani iliyoandikwa kwamba gari ni "AT". Karatasi ilikuwa ya kweli, na maneno yake pia. Huko Japani CVT huhesabiwa katika kundi la otomatiki, hata katika sheria ya leseni. Nchi hiyo ilianzisha leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991, na mwenye leseni hiyo huruhusiwa kuendesha CVT bila pingamizi. Kwa maneno mengine, karatasi ilijibu swali la askari wa barabarani. Sisi tulikuwa tumekuja na swali la fundi.

Hatua ya tano ni kuliendesha. Binamu alishika usukani, fundi akaketi ubavuni akiangalia mishale ya dashibodi. Katika auto ya gia, mshale wa mzunguko wa injini hupanda, hushuka ghafla gia inapobadilika, kisha hupanda tena, na mwili huhisi kisukumo kidogo. Katika CVT mshale hupanda na kutulia mahali pamoja huku kasi ikiendelea kuongezeka, kama msomaji wa Kurani anayevuta pumzi moja ndefu bila kukata. Binamu alirudi akasema, "Haikubadili gia hata moja." Fundi alitahadharisha kwamba ziko CVT zilizotengenezwa kuigiza hatua za gia, kwa hiyo mwendo peke yake si ushahidi kamili. Lakini mwendo na kibati vikikubaliana, shaka haina mahali pa kukaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Fumo Liyongo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua jinsi maadui walivyoshindwa na nguvu za shujaa yule mpaka walipomtuma mwanawe amuulize ni kitu gani kiwezacho kumuua, na jinsi siri ya sindano ya shaba na kitovu ilivyotoka. Mhakiki hulitazama tendo hilo kama usaliti, na ndivyo lilivyo. Lakini kwa mnunuzi wa gari kuukuu, hakuna swali la busara zaidi ya lile la mwana wa Liyongo. Wauzaji wote hukueleza nguvu za gari. Anayetaka kuishi nalo lazima aulize kitovu chake kiko wapi.

Fundi alitueleza vitovu hivyo pale pale. Giaboksi ya mkono hufa kwa klachi, lakini klachi huletwa kwa basi na kubadilishwa Garsen. Isitoshe, betri ikizimika gari la mkono husukumwa likawaka, jambo lisilowezekana kwa otomatiki. Auto ya gia hufa kwa oili chafu na kwa joto, ila huvumilia mzigo kwa kiasi. CVT hufa kwa oili isiyo yake. Mkanda wake na puli zake hushikana kwa msaada wa oili maalumu, na ukimimina ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida mkanda huanza kuteleza na kuzikwaruza puli. Toyota yenyewe ina oili zake za CVT, ziitwazo TC na FE, na Nissan ina NS-2 na NS-3. Si za kubadilishana ovyo. Kwa hiyo fundi anayeambiwa tu kwamba gari ni "auto" anaweza kuliua kwa nia njema kabisa. Halafu kuna tope. Magurudumu yakizama na dereva akiendelea kukanyaga, CVT hupata moto upesi. Na gari la otomatiki ya aina yoyote likikwama, halifai kuburutwa mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa kuwa giaboksi huzunguka bila kulainishwa inavyopaswa. Idsowe, msomaji, anayekuja kukunasua ni trekta, naye haulizi una giaboksi gani.

Mjomba alisikiliza yote akiwa ameegemea mkongojo wake. Kisha akauliza swali moja tu. "CVT ni mbaya?"

"La," fundi akajibu. "Ni nzuri, na hunywa mafuta kidogo. Kwa mwalimu anayeishi mjini ningemwambia anunue leo. Lakini wewe wataka kubeba maembe katika tope, na oili yake yatoka Mombasa."

Ushauri wa fundi ulikuwa tununue Probox ya mkono. Hapo nikamwona binamu akiinamisha uso. Leseni yake ya B1 haikumruhusu kuendesha gari la mkono, na kama lingenunuliwa, dereva angetafutwa nje ya ukoo. Hakusema neno. Alikuwa ameuza vitumbua miezi minane kulipia mafunzo yale, na sisi wanaume watatu tulikuwa tukijadili vikanyagio kana kwamba miguu itakayovikanyaga haina mwenyewe. Mjomba alimtazama bintiye kwa muda, kisha akamgeukia dalali. "Nitafutie ya kabla ya mabadiliko. Auto, lakini ya gia. Na kabla sijaja, mwanangu huyu atakupigia simu umsomee kibati."

Ilichukua wiki tatu. Likapatikana la mwaka 2012, lenye rangi iliyochujuka na kiti kilichoshonwa, NCP51V, namba ya giaboksi ikianza kwa U. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya kwanza, na salio likatosha kununua magurudumu ya tope na kubadilisha oili. Hadi ninapoandika makala haya binamu yangu ndiye aliyeshika usukani wake. Maembe ya msimu uliofuata yalifika sokoni yakiwa magumu, na gari limekwisha kwenda hospitali mara mbili usiku.

Sasa nirejee kwenye neno, kwa maana hilo ndilo linalotuhusu hapa. Nilipokuwa Garsen, fundi aliniomba nimwandikie hatua zile tano kwa Kiswahili abandike ukutani, kwa sababu wateja wengi humjia baada ya kununua, wakati ushauri hauna tena faida. Nilikaa na kalamu jioni nzima. Nilitaka kuandika Kiswahili kisafi, nikajaribu "sanduku la meno", nikajaribu "mfumo wa upokezaji nguvu". Fundi alisoma kwa heshima, akauliza, "Hili sanduku la meno ndilo giaboksi?" Nikalifuta. Watu wa Garsen wana giaboksi, klachi, leva, puli, boneti na oili. Maneno hayo yamekwisha kutoholewa, yamepewa ngeli, yamezaa misemo. Mwanasiasa anayegeuka ghafla tunasema amebadili gia angani. Neno lililofika mahali pa kuzaa msemo limekwisha kupata uraia. Lakini "upokezaji nguvu" nililiacha katika sentensi ya kwanza, inayoeleza kazi ya giaboksi, na fundi alilipenda. Alisema hilo halitaji chombo, linataja kazi yake, na kazi ndiyo ambayo wateja hawaielewi.

Tangu hapo nimeitafakari upya kazi ya kuunda istilahi. TUKI, ambayo sasa ni TATAKI, ilitupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatupatia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hizo ni kazi kubwa ambazo kizazi chetu kingali kikizitegemea. Hata hivyo, sayansi ambayo Mswahili wa kawaida hukutana nayo kila siku iko gerejini, kwenye pampu ya maji, kwenye simu na kwenye paneli ya jua. Huko maneno yapo tayari, mengine yakiwa mazuri kuliko tunayoyatunga vyuoni, na hayajaandikwa. Mahali yasipoandikwa, mashine hujaza pengo kwa "maambukizi ya mwongozo", na mkulima anayesoma humo hupoteza fedha, siyo alama za mtihani.

Wito wangu kwa wanachama wenzangu ni mdogo. Kila mmoja wetu anapokwenda nyumbani kwa likizo, achague karakana moja, ya magari, ya baiskeli, ya mashua au ya cherehani, akae humo siku tatu, na aorodheshe maneno pamoja na maelezo ya mafundi wenyewe, kwa lafudhi yao na kwa mifano yao. Tukikusanya orodha ishirini za namna hiyo katika chama chetu, tutakuwa na kitu cha kuwapelekea walimu wetu na watunga kamusi. Na tusiende tukidhani tunapeleka Kiswahili kwa watu wasiokuwa nacho. Mjomba alielewa giaboksi kwa pondo na kafi kabla sijamaliza kufungua daftari langu. Mfano huo sikuupata katika kitabu chochote. Nimeuandika katika daftari hilo hilo, pamoja na hatua tano, na jina la mwenye mfano ubavuni mwake.